Mikisa isiyo na fideri, inayoendeshwa kwa tableti: itafaa muziki wa kukodisha Masasi?

Swali: Shikamoo mzee. Niko Masasi, nakodisha muziki pamoja na kaka yangu: harusi, maulidi, mikutano ya kwaya, na sherehe za unyago shule zikifungwa. Mikisa yetu ni ya kawaida, chaneli 12. Kuna mtu Dar es Salaam anauza Behringer XR18 iliyotumika, ile ya boksi isiyo na fideri (vile vishikio vya kuteleza vya kupandisha na kushusha sauti) hata moja, unaiendesha kwa tableti. Kaka anasema siku tableti ikizima au umeme ukikatika tutaaibika mbele ya watu waliotulipa. Tununue? Na tukinunua tuanzie wapi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na hofu ya kaka yako, maana ni hofu ya haki, ila ameilenga pasipo. Tableti haibebi sauti. Sauti inaingia kwenye boksi kwa waya, inachakatwa humo humo ndani, kisha inatoka kwa waya kwenda kwenye spika. Tableti ikizima katikati ya wimbo, kwaya inaendelea na watu wanasikia vilevile walivyokuwa wakisikia. Unachopoteza ni uwezo wa kubadilisha kitu mpaka uunganishe tena. Balaa ni pale MC anapojiendea mbele ya spika, maiki ikaanza kupiga mluzi, nawe umeshika tableti inayozunguka inatafuta mtandao. Hapo ndipo watu wanapogeuka kukutazama.

Kwa hiyo nunueni, kwa sharti moja: bei ya boksi isimalize fedha mliyonayo. Boksi lenyewe ni zuri. Udhaifu wake uko nje yake, kwenye waifai na kwenye umeme, na vyote viwili vinatibika kwa fedha ndogo ukilinganisha na bei ya mikisa. Anayenunua boksi peke yake, akaliwasha Jumamosi ya kwanza kwenye harusi ya watu mia tatu, ndiye anayerudi kusema dijitali si mali ya kazi.

Tuanze na waifai. XR18 ina waifai yake ya ndani, na wauzaji wanaisifia sana. Iache nyumbani kwa mazoezi. Inatumia masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale yanayotumiwa na ruta nyingi za mitaani, bluetooth na hotspoti za simu za waalikwa, na inapokea vifaa vinne tu kwa wakati mmoja. Ukumbi ukiwa mtupu mchana itakutii vizuri. Usiku watu wakijaa, kila mmoja na simu mfukoni, na miili yenyewe ya watu inameza mawimbi hayo kwa sababu ya maji yaliyomo mwilini, utaanza kuona fideri za kwenye kioo zinakwama. Dawa yake ni kununua ruta ya kawaida yenye masafa mawili, 2.4 na 5. Iunganishe na mikisa kwa waya wa mtandao, sogeza kile kiswichi cha sehemu tatu kilichoko kwenye boksi kikae upande wa Ethernet, kisha tableti iunganishe kwenye gigahezi 5. Ruta haihitaji vocha wala intaneti, kazi yake ni kuziunganisha hizo mbili tu. Ifunge juu ya stendi ya spika au kwenye nguzo ya turubai, ipite vichwa vya watu. Mawimbi ya gigahezi 5 hayapendi kuta, kwa hiyo usiiache nyuma ya jukwaa la matofali wakati wewe umekaa nje. Na weka nenosiri. Kijana mwenye programu ya kuendeshea mikisa hii kwenye simu yake akikuta mlango wazi anaweza kuingia na kushusha sauti ya bwana harusi, hata kama anatania tu.

Kuna jambo dogo linaloangusha wengi kuliko ubovu wowote wa mashine. Tableti au simu ya Android ikiona waifai haina intaneti, huihama kimyakimya na kurudi kwenye data ya laini. Wewe unaona mikisa imekatika, kumbe simu yako ndiyo iliyokukimbia. Zima data. Bora zaidi weka hali ya ndege, kisha washa waifai peke yake. Zuia kioo kisijizime kila baada ya nusu dakika, zima na arifa za meseji, na usiruhusu mtu apige picha kwa tableti hiyo. Tableti ya kazi iwe ya kazi. Simu ya kaka yako nayo iwekewe programu ileile na iunganishwe tangu mwanzo, ikae mfukoni mwake ikiwa tayari. Na kama mna kompyuta ndogo, ichomeke kwa waya kwenye ruta: hiyo haijui msongamano wa waifai, na ndiyo ya kukimbilia tableti ikigoma.

Umeme mnaujua kuliko mimi kuwaeleza, mnaishi nao. Mikisa hii inapokea kuanzia volti 100 mpaka 240 bila kubadilisha chochote, na inakula umeme kidogo sana. Tatizo ni kwamba ni kompyuta. Mikisa yenu ya zamani umeme ukirudi inarudi papo hapo. Hii inazima, inaanza kuwaka upya, ruta nayo inawaka upya, tableti inatafuta mtandao, na wakati wote huo bibi harusi amesimama mlangoni. Nunueni UPS ndogo (betri ya akiba inayoshika papo hapo umeme ukikatika), ya VA 650 inatosha, na muichomeke vitu viwili tu: mikisa na ruta. Msithubutu kuichomeka amplifaya wala spika zenye amplifaya ndani, zitaimaliza kwa sekunde. Kwa mpango huo umeme ukikatika spika zinanyamaza, lakini mikisa inabaki na kila kitu kama kilivyokuwa. Kaka anawasha jenereta, spika zinarudi, mnaendelea palepale. Jenereta ikishawaka, msikimbilie kuchomeka. Iacheni itulie kwanza, hasa ile ndogo ambayo volti zake hupanda na kushuka kila spika za besi zinapovuta.

Utaratibu wa kuwasha mnaujua, ila kwa dijitali ushikeni kweli: mikisa kwanza, ikishatulia ndipo amplifaya na spika. Kuzima ni kinyume chake. Na kama mnasikia mvumo mzito usiokoma, wa hezi 50, hasa kompyuta inapochomekwa, tafuteni kisanduku cha DI, kile kinachokaa kati ya chombo na mikisa na kukata mvumo huo. Msikate ule mguu wa ethi kwenye plagi kama wanavyofanya baadhi ya mafundi. Mvumo utaondoka, sawa, na siku waya ukivuja ndani ya amplifaya, mwimbaji aliyeshika maiki ya chuma ndiye atakayekuwa ethi yenu.

Sasa, mnachokipata ni nini? Usitegemee kwamba sauti itakuwa tamu zaidi kwa sababu imeandikwa dijitali. Kama spika zenu zimepasuka na maiki ni zile za bei ya chini kabisa, mtasikia ubovu uleule kwa usafi zaidi, na katika hali hiyo ningewaambia mnunue maiki mbili nzuri kwanza, mikisa isubiri. Faida ya kweli ni ya kazi. Kila chaneli ina ikwalaiza yake kamili (ya kurekebisha besi, kati na makali), kompresa yake (inayobana sauti ikizidi) na geti yake (inayofunga maiki ikiwa kimya). Zamani vitu hivyo vilikuwa raki nzima ya mashine zilizobebwa na vijana wawili. Meza za dijitali zilikuwepo studioni tangu miaka ya 1990, Yamaha 02R ilitoka 1995, lakini fundi wa harusi hakuota kuzigusa. Behringer X32 ilipotoka 2012 ndipo bei ilipoporomoka, na hivi viboksi visivyo na fideri vikafuata. Ndiyo maana leo mtu wa Masasi anauliza swali hili, na nimefurahi kuliona.

Faida nyingine ni kuwa na oksi sita za monita, yaani njia sita za kupeleka sauti tofauti kwenye spika za jukwaani ambazo waimbaji hujisikilizia. Kwaya za kwetu zinagombana jukwaani kwa sababu sauti ya kwanza haijisikii, mpiga kinanda anaongeza, mpiga besi naye anaongeza, mwisho jukwaa lina kelele kuliko spika za mbele. Ukiwa na oksi sita, wapiga vyombo wana yao, sauti za akina mama wana yao, mwalimu wa kwaya ana yake. Na kwa kuwa una tableti, unapanda jukwaani, unasimama pale alipo mwimbaji, unasikia anachosikia, unarekebisha hapo hapo. Mimi jambo hili peke yake lingenitosha kununua. Kisha unashuka, unakwenda kukaa kiti cha nyuma kabisa kwa wazee, unasikiliza kutoka huko. Mtu wa mikisa ya kawaida amefungwa kando ya jukwaa kwa urefu wa nyaya zake na anaamini sauti ya nyuma iko sawa.

Kabla ya kutuma hela, hakikisha ni XR18 kweli. Familia hii ina ndugu wanaofanana na namba zao zinapotosha. XR16 ina nafasi nane tu za maiki, nane nyingine ni za laini kwa vyombo kama kinanda. XR12 ina nne za maiki. XR18 ndiyo yenye 16 za maiki na mbili za laini. Kwa upande mwingine, XR12 na XR16 zina tundu la kurekodi kwenye flashi moja kwa moja. XR18 haina, yenyewe inarekodi kwenye kompyuta kwa waya wa USB, chaneli zote 18 kila moja peke yake. Kwa kazi zenu chukueni XR18.

Ya mkononi ipimwe mbele ya macho yenu, au ya mtu mnayemwamini aliyeko Dar. Aende na maiki moja, waya wake na hedifoni. Achomeke maiki hiyo kwenye tundu la kwanza, aongee, atikise waya, ahamie la pili, mpaka 16 ziishe. Ni kazi ya robo saa na inachosha, lakini tundu linalokatika ukilitikisa litakusumbua miaka yote. Halafu awashe umeme wa volti 48 kwenye chaneli chache aone kama maiki ya kondensa, ile isiyofanya kazi bila umeme huo, inaamka, apime oksi zote sita, na atazame matundu kwa tochi. Kifaa kilichokaa pwani, iwe Dar, Kilwa au Mikindani, huingiwa na kutu ya chumvi kwenye miguu ya matundu kabla ya ndani kuharibika. Kutu kidogo inasafishika kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia mguso. Miguu iliyogeuka kijani, mwache nayo. Kwenu Masasi adui si chumvi, ni vumbi jekundu la kiangazi, na hilo linazuiwa na begi lenye zipu na kitambaa juu ya boksi wakati wa kazi. Jua nalo mliheshimu. Tableti iliyoachwa juani saa saba mchana hujizima yenyewe kwa joto, na hapo hakuna ufundi wa kuiamsha haraka.

Mkishaipata, msiipeleke kazini mara moja. Kuna programu ya bure ya kompyuta inayoitwa X AIR Edit, unaweza kuipakua hata leo kabla ya kununua, ukaifungua na kuzoea ilipo kila kitu bila kuwa na mikisa. Boksi likifika, nendeni mazoezini kwa kwaya mnayoijua, chomekeni kila kitu na mrekodi mazoezi yote kwenye kompyuta, chaneli kwa chaneli. Kisha rudini nyumbani, mrudishe sauti hizo kwenye mikisa kana kwamba kwaya iko mbele yenu, mjifunze usiku kucha bila kumsumbua mtu. Mnaweza kuharibu, kurudia, kujaribu kompresa kwa sauti ya mwanakwaya yuleyule mpaka masikio yaelewe. Mafundi wengi waliozeekea kwenye mikisa za kawaida hatukupata nafasi hiyo. Tulijifunza kwa watu walio hai, wakati wa kazi. Itumieni.

Cha kwanza kujifunza ni geini, yaani nguvu ya sauti inapoingia kwenye chaneli, na hapa dijitali haisamehe. Mikisa ya zamani ukiizidisha inaanza kukwaruza taratibu, wengine hata wanaupenda ukwaruzo huo. Dijitali ina kilele kimoja, sifuri, na juu yake hakuna kitu: sauti inakatwa kichwa na unasikia mpasuko mkali. Mwambie mwimbaji aimbe kwa nguvu atakayoitumia kweli, maana jukwaani ataimba mara mbili ya alivyokwambia moja-mbili, moja-mbili. Pandisha geini mpaka mshale ucheze karibu na desibeli 18 chini ya sifuri, na vilele visipite 6 chini ya sifuri. Usione haya kwamba ni ndogo. Spika zikiwa chini, ongeza kwenye amplifaya. Na ukishaweka geini iache, kwa sababu ukiigusa katikati ya wimbo unabadilisha na monita zote za jukwaani kwa mpigo.

Cha pili, kata besi isiyohitajika. Kila chaneli ya sauti ya mtu weka kichujio cha kukata kila kilicho chini ya hezi 100 hivi. Upepo, miguu ya wacheza kwenye jukwaa la mbao, mkono unaosugua maiki, vyote vinaishi huko chini na havina neno la kukuambia. Besi, kinanda na ngoma viache na sehemu yao ya chini.

Sasa mluzi. Kumbi zetu nyingi zina paa la bati na sakafu ya saruji, sauti inadunda kila upande. Fikeni mapema ukumbi ukiwa mtupu. Weka maiki ya MC kwenye stendi pale atakaposimama, fungua ikwalaiza ya michirizi 31 kwenye spika kuu, washa na grafu inayoonyesha masafa yanavyocheza. Pandisha fideri pole pole. Ukumbi utaanza kuitikia, kwanza kama mtu anayenong'ona, kisha mlio mwembamba. Mchirizi mmoja kwenye grafu utasimama juu ya wenzake. Mara nyingi ni kati ya hezi 2,000 na 4,000, na kwenye kumbi zinazovuma kama pipa utaukuta pia karibu na 250 au 400. Shusha mchirizi huo desibeli tatu. Pandisha tena, utatokea mwingine, ushushe nao. Ukifika wa nne simama. Anayeendelea mpaka kumi anabaki na sauti ya mtu anayeongea ndani ya ndoo. Na ujue watu wakijaa nguo na miili yao itameza sehemu ya makali, kwa hiyo rudia kusikiliza baada ya ukumbi kujaa, usikae na mipangilio ya mchana.

Kwenye unyago kuna jambo lake. Maiki moja inazungushwa kwa akina mama, kila mmoja anaimba kwa nguvu yake, na wengi wanaishika kichwani kwa kiganja, jambo linaloita mluzi mara moja. Chaneli hiyo iwekee kompresa ya tatu kwa moja, ianze kushika pale sauti ya kawaida inapopita kidogo, ili anayepiga vigelegele asivunje masikio na anayeimba taratibu asipotee. Ila usirudishe nguvu nyingi baada ya kompresa. Kinachopandishwa hapo kinapandisha na mluzi. Ukimudu kumwomba kungwi kwa adabu, kabla ya kuanza, awaambie wenzake washike maiki chini ya kichwa, utakuwa umefanya kazi ya mashine tatu.

Mipangilio hiyo yote ihifadhi kwa jina: harusi ukumbi fulani, kwaya fulani, maulidi. Wiki ijayo ukirudi ukumbi uleule unaanza ulipoishia. Nakili na kwenye kompyuta. Angalizo moja kubwa: usiite seti iliyohifadhiwa wakati spika ziko juu. Geini na volti 48 zinaweza kuruka kwa pamoja, na kishindo chake kinaweza kuua tweta, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Shusha fideri kuu, ita seti, tazama, ndipo upandishe.

Kuhusu madai kwamba dijitali inachelewesha sauti: mikisa hii inachukua kama milisekunde moja tu kutoka maiki mpaka spika. Hewani sauti hutembea kama sentimita 34 kwa milisekunde moja. Hakuna mwimbaji atakayegundua.

Mikisa ya chaneli 12 msiiuze. Kwanza, mkutano wa kijiji wenye maiki mbili na flashi ya muziki hauhitaji tableti wala ruta. Ipelekeni hiyo, mtafunga na kufungua kwa dakika kumi. Pili, iacheni kwenye gari kila siku ya kazi kubwa, ikiwa na nyaya zake mbili za kwenda kwenye spika zimeshafungwa pamoja. Fundi wa kufungua boksi la dijitali na kulitengeneza mtampata Dar, na Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya tuliona barabara ya Dar inavyoweza kukatika upande wa Kilwa. Boksi likigoma saa tatu usiku, shusheni spika, hamisheni nyaya mbili za kutoka, kisha maiki ya MC na waya wa muziki. Hivyo vinne vikikaa, sherehe inaendelea. Kwaya itahamishwa wakati MC anaongea. Fanyeni zoezi hilo nyumbani, wewe na kaka yako, mpaka mliweze gizani kwa tochi ya simu.